Chupa ya Mwisho ya Anko Aurèle

Sherbrooke, 12 Novemba 2022

Shangazi mpendwa,

Nakubusu shavu la kulia na la kushoto, na Ghislaine pia, ingawa najua akiisoma hii atasema binti yenu wa Sherbrooke anaandika kama wakili. Sisi tu wazima. Baba aliteguka mgongo akipanga kuni na anakataa kwenda hospitali, anasema foleni ya kule itamtegua na shingo. Mama bado anafundisha kuogelea na nywele zake bado zinanuka klorini. Zacharie amenipita urefu mwezi uliopita, na tangu hapo anapenda sana kusimama karibu nami mbele ya watu.

Mimi niko vilevile. Nilidhani nikihamia chuo cha Kiingereza kule Lennoxville nitapata ulimi mpya. Nimegundua kwamba mtu akiwa mkimya kwa Kifaransa, Kiingereza hakimfungui kinywa. Sasa nina lugha mbili za kunyamazia. Darasani mwalimu akiuliza swali, natazama kalamu yangu kana kwamba nimeambiwa niilinde. Ndiyo sababu napenda kukuandikia. Wewe simu huisikii vizuri, mimi simu siiwezi, basi karatasi imetufaa wote.

Sasa jambo lenyewe. Januari nafikisha miaka kumi na minane, na Baba ameitoa chupa ya Anko Aurèle chini ghalani. Ameiweka juu ya friji, na kila anayepita anaitazama kama mgeni aliyefika mapema. Mama alitaka tukaifungue kwenye ile hoteli ya ziwani. Mimi nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, Shangazi, mpaka Zacharie akaacha kutafuna. Nikasema nataka kwa Thanasis.

Unapakumbuka kwa Thanasis, chini ya mteremko wa mtaa wa Wellington, dirisha lenye maandishi ya "Njoo na divai yako". Sijui kama naweza kueleza kwa nini napapenda. Kwenye migahawa mingine mhudumu anakuja na kitabu kinene cha divai, na Baba anageuka mtu mwingine, anajifanya anajua vijiji vya Ufaransa kwa majina. Kwa Thanasis kila mtu anaingia kutoka kwenye theluji amekumbatia chupa yake ndani ya koti kama kitoto. Wauguzi wanakuja na divai ya boksi. Kuna profesa mmoja huleta yake ndani ya soksi. Meza hii inaiazima meza ile kizibuo, meza ile inasema "hebu onjeni yetu basi", na kabla mishikaki haijaiva chumba kizima ni kama harusi ambayo hakuna anayemjua bibi harusi. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pekee ambapo watu nisiowajua wananisemesha bila mimi kulazimika kuanza. Nakaa na soda yangu ya tangawizi nasikiliza, na hakuna anayeniuliza mbona kimya.

Lakini chupa ni yako. Baba anasema hakuna haja ya kuuliza, ilikwisha kutolewa. Mimi nauliza.

Anayekupenda,
Flavie


Sept-Îles, 30 Novemba 2022

Binti yangu Flavie,

Barua yako ilifika pamoja na upepo wa kaskazini, nikafurahi na mmoja wa hao wawili. Huku tumekwisha kufunga madirisha kwa plastiki. Ghislaine hajambo, ila ananipikia bila chumvi na kuniita "Mama mpenzi" kila anapotaka kunikataza jambo. Mumewe bado yuko na treni zake za mawe ya chuma. Akirudi nyumbani nguo zake ni nyekundu hadi kwenye mifuko. Sikio langu la kushoto limestaafu rasmi. La kulia linafanya kazi nusu siku.

Ifungueni. Nendeni kwa Thanasis, umechagua vizuri. Aurèle kwenye hoteli angevaa tai na kulala.

Ila sikiliza, kuna jambo hulijui, maana ulikuwa mtoto. Chupa hiyo ni kesi. Mzee wangu alipanda mizabibu yake nyuma ya nyumba kule Magog mwaka tuliooana, na kila vuli alikamua, na kila mwaka nilimwambia kilekile: Aurèle, nipe hii na kitambaa, nitasafisha madirisha mpaka tuone Vermont kule ng'ambo ya mpaka. Naye alijibu kilekile: Subiri, mke wangu, haijakomaa. Wageni wakija nilisema mbele yao: Leteni yenu, hapa kwetu divai ni ya kuulia viwavi. Alicheka. Wote walicheka. Baba yako Bertrand ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Alijifanya anakwenda kutazama bustani, kumbe anaimimina yake kwenye maua yangu, zile begonia. Zilikufa, maskini.

Sasa, vuli ile mama yako alipokuwa na mimba yako, Aurèle alijaza chupa moja akaitenga. Akaniambia: hii ataifungua huyo mtoto akiwa mtu mzima, na siku hiyo wewe Réjeanne utaniomba msamaha hadharani. Yeye ametangulia, na hiyo ndiyo iliyobaki. Mimi siwezi kuja. Ghislaine anasema barabara ni kioo na moyo wangu pia.

Kwa hiyo wewe utakuwa ulimi wangu. Bertrand ana ugomvi wa zamani na divai hiyo, wewe hujawahi kuionja. Niandikie ilivyokuwa. Usinipambie.

Usihangaike na lebo. Aurèle alijaza chupa yoyote aliyoikuta, na lebo za watu hakuzibandua, alisema kubandua ni kazi ya wenye muda. Yako nadhani ina picha ya ndege. Alama yake ni kile kikaratasi cha mwaka shingoni. Alikibandika kwa maziwa, kama wafanyavyo wote wanaotengeneza divai nyumbani. Yakikauka hushika, yakipata maji huachia.

Nakukumbatia,
Shangazi Réjeanne


Sherbrooke, 20 Januari 2023

Shangazi mpendwa,

Natumai sikio la kulia linaendelea na kazi na kwamba Ghislaine amelegeza kuhusu chumvi. Soksi ulizonifumia zimefika, nimezivaa sasa hivi, na Zacharie ameniomba nizirithishe nikifa. Hapa baridi imefika mahali ambapo pua inagandia ndani. Gari la Baba lilikataa kuwaka asubuhi mbili. Aliliomba, kisha akalitukana, kisha akalifunika blanketi.

Tulikwenda Jumamosi, siku yenyewe. Mimi ndiye niliyeibeba chupa, ndani ya koti, ubavuni. Kwa Thanasis kulijaa hadi mlangoni. Friji yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo divai nyeupe zote aliziweka kwenye beseni kubwa la barafu karibu na jiko, zimesimama shingo nje kama bata. Mhudumu alikuwa mgeni, mwenye haraka.

Baba alisimama kutoa hotuba. Unajua hatoagi hotuba. Alisema nilipozaliwa nililia siku moja tu, na tangu hapo nimekuwa nikifikiria. Watu wa meza za jirani walipiga makofi. Mama alilia. Zacharie alitumia nafasi hiyo kula mshikaki wangu. Kwenye meza iliyofuata kulikuwa na mzee na mkewe wakisherehekea miaka ya ndoa yao. Walikunywa polepole sana, wakitazamana.

Nilipewa mkoba mpya, na kamera ya zamani ya Mama. Kuhusu masomo, naendelea na historia, na wamenikubalia niandike insha badala ya kuzungumza mbele ya darasa.

Basi nimekuwa mtu mzima. Sijui niongeze nini.

Nakubusu,
Flavie


Sept-Îles, 8 Februari 2023

Flavie mwanangu,

Soksi nifume, na shukrani zije na kurasa nne. Nimezisoma zote. Huku bahari imefunga kwa barafu, na akina mama wa parokia wanakuja kwangu kucheza karata Jumatano kwa sababu nyumba ya Ghislaine ina joto.

Baba yako alipiga simu usiku uleule wa sherehe. Ghislaine alinirudishia maneno yake sikioni, moja moja, kwa kelele. Asali. Maua. Kitu kama pea iliyoiva. Akasema hajawahi kunywa divai kama ile, na kwamba alimdhulumu Aurèle, na kwamba kama begonia zingekuwa hai angeziomba radhi nazo. Bertrand huyo, Flavie. Bertrand mwenye begonia.

Niliingia chumbani. Picha ya mzee wangu iko juu ya kabati la nguo. Nilimwomba msamaha kama alivyotaka, ila hadhara haikuwepo. Nilisema kwa sauti kubwa, maana sijisikii mwenyewe, na Ghislaine alikuja mbio akidhani naumwa.

Maisha mazima, binti yangu. Kila Krismasi, kila ubatizo, nilimgeuza kichekesho, naye akacheka pamoja na watu. Sasa najiuliza kama alikuwa anacheka.

Lakini nimerudi kwenye barua yako. Umeniandikia baridi, pua, gari, beseni la barafu, mshikaki, kamera. Ulimi hakuna. Nilikuomba kitu kimoja. Kwa nini hakimo?

Shangazi yako


Sherbrooke, 27 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Mgongo wa Baba umepona. Zacharie alivunja jino kwenye mpira wa magongo na anatabasamu zaidi kuliko zamani ili lionekane. Mto umeganda wote, isipokuwa pale chini ya maporomoko.

Kuhusu divai, Baba amekwisha kukueleza. Mimi si mjuzi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa glasi nzima, na nisingependa kusema jambo nisilolijua.

Vaa vizuri. Nakubusu sana.
Flavie


Sept-Îles, 21 Machi 2023

Flavie,

Wote hatujambo.

Mimi nimeolewa na mtu aliyetengeneza divai mbaya kwa furaha. Huyo namjua. Namjua alivyokohoa, alivyotembea kwenye mizabibu yake amevaa viatu vya raba vya rangi mbili tofauti. Akina mama wa karata walikuwa wakiniambia, Réjeanne, tupe ile ya madirisha, nami naisimulia, na kwa saa moja anakuwa nami pale mezani. Tangu Januari siwapi tena. Utamchekaje mtu aliyekuwa na haki? Naambiwa nilikuwa na fundi ndani ya nyumba nami sikumwona. Huyo fundi simjui. Namtazama pichani, ananitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Labda ndiyo haki yangu. Lakini wewe ulikuwepo, na umenyamaza mara mbili, nami naujua unyamazaji wako tangu ukiwa kwenye kiti cha kulishia mtoto. Huwa hunyamazi bila sababu.

Sikulazimishi. Sikio la kulia sasa ni la asubuhi tu, na sijui macho nayo yatasubiri hadi lini.

Réjeanne


Sherbrooke, 22 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Nakubusu, na leo nakuomba ukae kabla ya kuendelea. Nyumbani wote wazima. Theluji imebaki kwenye kona za maegesho tu, nyeusi kama makaa. Hizo ndizo habari za familia. Siwezi kuzirefusha tena.

Divai aliyoisifu Baba haikuwa ya Anko Aurèle.

Chupa yako ilikuwa na ndege, kama ulivyosema. Niliibeba mimi, nilimjua yule ndege hadi kucha zake. Mhudumu aliitia kwenye lile beseni pamoja na nyingine, na kikaratasi cha mwaka kikaachia kwenye maji ya barafu. Mhudumu akaja na chupa imefungwa kitambaa cheupe, akamimina, akaenda. Baba tayari amesimama na glasi. Kitambaa kikateleza, na lebo ilikuwa na mstari wa buluu, ndege hayupo. Baba aliiona, lakini anajua Anko alijaza chupa yoyote, kwa hiyo hakushtuka, alisema tu, "Kikaratasi kimekwenda na maji." Nikageuka. Ndege alikuwa kwenye meza ya wale wazee, na glasi zao zimeshajaa.

Niliinuka. Nataka ujue kwamba niliinuka. Mama akadhani ninataka kumkumbatia Baba, akaanza kulia, watu wakapiga makofi, nami nikamkumbatia Baba. Kisha nikakaa. Kila dakika iliyopita ilifanya ya pili yake iwe nzito zaidi. Nilikunywa divai ya watu wasionijua, ilikuwa tamu sana, na nikawatazama wakinywa yako mpaka mwisho.

Nilipopata barua yako ya Februari nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshaomba msamaha, na nikaona nikisema nitakunyang'anya fundi. Ya Machi ikanionyesha kwamba ni mimi niliyekunyang'anya mumeo. Sikuweza kukujibu papo hapo kwa sababu ningekwambia nini? Kwamba ilinywewa na sijui ilikuwaje? Ulinituma kama ulimi. Ilibidi niwatafute wale walioionja.

Thanasis anawajua. "Wale? Akina Desruisseaux. Alhamisi, mishikaki ya kuku, bila kitunguu." Basi nikaanza kwenda Alhamisi. Mara ya kwanza nilisimama nje nikisoma menyu ya dirishani kama ninayejiandaa kwa mtihani, nikarudi nyumbani. Mara ya pili niliingia, nikawaona, nikanunua viazi vya kubeba. Juzi Thanasis mwenyewe akanijia, mikono kiunoni.

"Wewe binti, unataka viazi, au una jambo?"

"Nina jambo," nikasema.

"Basi nenda kalifanye, viazi vimekwisha."

Havikuwa vimekwisha, niliviona.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi nzuri sana, kwa lugha zote mbili. Kilichotoka ni hiki: "Samahani. Mwezi wa kwanza mlikunywa divai yetu."

Mzee akaweka uma chini. "Ya ndege?"

"Ya ndege."

Akamgeukia mkewe taratibu. "Colombe. Nilikwambia."

"Hukuniambia kitu, Rosaire. Ulikunywa tu."

"Nilikunywa kwa sababu wewe ulikuwa unakunywa."

"Na mimi nilikuwa nakunywa kwa sababu ya Jérémie. Keti, mwanangu, usisimame hapo kama polisi."

Jérémie ni mtoto wao. Alikuwa amepata kazi kwenye duka la divai, na ile ilikuwa zawadi yake ya kwanza kwao, kwa ajili ya siku ya ndoa yao. Jioni hiyo alikuwa kazini, akawapa chupa imefungwa karatasi ya zawadi, nao wakampa mhudumu vilevile mlangoni. Hawakuijua sura yake. Ilipokuja yenye ndege, wakapokea yenye ndege.

"Mtoto amekuchagulia mwenyewe," akasema Bibi Colombe. "Utafanyaje? Nikamwambia Rosaire, hii ni kavu. Kavu sana. Hii ni divai yenye tabia."

"Nikamuuliza, tabia ya nani."

"Ulisema hivyo, ndiyo. Na ukaongeza glasi."

"Ningemwambia nini kijana kesho yake? Kwamba tumeiacha mezani?"

Walimwambia ilikuwa ya ajabu. Kijana akafurahi, na Pasaka akawaletea nyingine ileile. Haikuwa na ndege, wakadhani kampuni imebadilisha lebo. Wakaonja, wakatazamana. Asali. "Nilidhani mdomo wangu ndio umeharibika," akasema Bwana Rosaire. "Nilitaka kwenda kwa daktari wa meno."

Bibi Colombe alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikasema, tafadhali, niambieni ilikuwaje, lakini kweli tupu, kuna mtu anasubiri. Nikawaeleza habari zako, na za Anko, na kesi yenu. Sijawahi kuzungumza muda mrefu hivyo na watu wawili kwa mpigo. Walipoelewa, kicheko kikaisha. Bwana Rosaire alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema, "Mungu wangu, tulimnywa marehemu wa watu."

Kisha Bibi Colombe akafumba macho ili akumbuke vizuri. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwambie shangazi yako, siki. Si kama siki, siki yenyewe. Nyuma ya siki kuna tofaa bichi. Nyuma ya tofaa, sijui nisemeje, ni kama kulamba ufunguo."

"Ufunguo wa baiskeli," akasema Bwana Rosaire.

"Na mwishoni?" nikauliza. "Glasi ya mwisho? Haikubadilika kidogo?"

Bibi Colombe akafumbua macho. Nadhani alitaka kunipa kitu. "Hapana, mwanangu. Glasi ya mwisho haikuwa nzuri zaidi. Sisi ndio tulikuwa tumeizoea."

"Lakini tuliimaliza," akasema Bwana Rosaire. "Hilo usisahau kumwandikia. Hatukubakiza tone."

Basi ndiyo hivyo, Shangazi. Miaka yote ile chini ghalani haikuikomaza. Asali ilikuwa ya Jérémie. Baba hajui, na sijui kama nimwambie. Kama umenikasirikia ninaelewa. Nitasubiri barua yako, na kama haitakuja nitakuandikia tena.

Flavie wako


Sept-Îles, 9 Mei 2023

Flavie, binti yangu,

Kaa wamefika. Wavuvi wanauza hapohapo gatini, na Ghislaine amechemsha sufuria nzima akasahau kwa bahati njema kwamba kaa wana chumvi yao. Barafu imeondoka, na mjukuu wa jirani amenipandishia kiti barazani, ndipo ninapokuandikia.

Barua yako niliisoma nimekaa kama ulivyoagiza. Kisha nikainuka nikaisoma nimesimama. Kisha nikamwita Ghislaine aisome karibu na sikio, asubuhi, wakati bado linafanya kazi, kwa sababu kulikuwa na maneno niliyotaka kuyasikia na siyo kuyaona tu. Siki. Tofaa bichi. Kulamba ufunguo. Nikamwambia, rudia hapo pa ufunguo. Akarudia. Ghislaine mwenyewe akakunja uso, akasema, "Mama, ndiyo hiyo. Ni ya Baba."

Ndiyo hiyo. Miaka yote nilitafuta jina la kile kitu cha nyuma kabisa sikulipata, na mama wa watu amelipata kwa jioni moja.

Sikukasirikii. Ungeniandikia Januari ungekuwa umeniambia tu kwamba chupa imepotea, na ningelia chupa. Ulikwenda kuitafuta ndani ya vinywa vya watu, wewe ambaye hata posta unamtuma Zacharie. Nitalizungumzia hilo nikija. Kwenye barua nitaharibu.

Lakini ngoja nikwambie kilichonishika. Si siki. Siki nilijua. Ni yule mzee aliyesema hatukubakiza tone.

Unadhani mimi nilikuwa namimina kwenye begonia? Hiyo ilikuwa kazi ya baba yako. Mimi nilikunywa. Aurèle alikuwa akinimiminia, namwambia madirisha, namwambia viwavi, namwambia utatuua sisi na kizazi chetu, kisha nakunywa yote, kisha nanyoosha glasi aniongezee. Kila jioni ya Jumapili kule Magog. Watu walisikia maneno. Yeye ndiye aliyeshika chupa. Yeye aliiona glasi. Tangu simu ya Bertrand nimeyakumbuka matusi yangu yote, moja baada ya jingine, nikawa nimeisahau glasi kabisa. Sasa sijiulizi tena kama alikuwa anacheka kweli.

Wape salamu akina Desruisseaux. Wape pole, kisha wape asante. Julai Ghislaine ananileta, amekwisha kuahidi mbele ya padri, na nitataka meza karibu na yao. Jérémie asiambiwe kitu, mwacheni auze.

Kuhusu baba yako, wewe ndiye mtu mzima, utapima. Mimi naona mwache na asali yake. Amechukua zaidi ya miaka arobaini kumsema vizuri shemeji yake, na tukimrekebisha sasa hatuna miaka mingine ya kumsubiri.

Jumatano nimewapa akina mama wa karata ile ya madirisha, na mpya, ya ufunguo. Mmoja alimwaga chai.

Na leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, nilikuwa nachana nywele mbele ya kabati. Alikuwa pale juu, ananitazama kwa ile sura yake ya mtu anayesubiri kusifiwa. Nikamwambia, "Wewe Aurèle, watu wamesherehekea ndoa yao, na wewe ukawapa siki." Nikasubiri kidogo, kama zamani, aniambie haijakomaa. Kisha nikaendelea kuchana.

Shangazi yako,
Réjeanne